Mji wangu wanataka nifyeke, mji wa dada yangu hawana habari: sheria za bustani Minnesota zikoje?

*"Habari za kazi mtaalamu. Mimi niko Minnesota, kitongoji kimoja kaskazini mwa Minneapolis, tumenunua nyumba mwaka juzi. Vuli iliyopita niling'oa nusu ya ukoka wa mbele nikapanda maua ya asili ya huku, kama alivyofanya dada yangu anayekaa mji wa jirani, dakika kumi tu kwa gari. Kwake majani yanafika kiunoni, nyuki kibao, na mwezi wa tano wote hakukata ukoka wake na mji wake ndio uliowaambia watu wasikate. Na mimi nikaacha. Wiki iliyopita nikakuta karatasi mlangoni, eti majani yamezidi inchi nane, nifyeke ndani ya siku saba la sivyo mji utaleta mtu afyeke na bili nitaletewa mimi. Nahisi aliyenisemea ni jirani yangu, mzee mmoja. Je huu si ubaguzi? Inakuwaje sheria ibadilike ukivuka taa za barabarani tu? Na nifyeke vyote, hata maua niliyonunua kwa hela yangu? Pembeni kuna mchicha wangu wa kula, nao sijui kama umehesabiwa."*

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Najua siku saba zinakimbia kwa hiyo nianze na jibu halafu maelezo yafuate: ule ukoka ulioacha ukaota wenyewe, ukate leo leo, usisubiri kesho. Maua uliyopanda usiyaguse. Alafu kabla siku saba hazijaisha mpigie simu inspekta aliyesaini hiyo karatasi, mwambie aje muangalie pamoja.

Kwenye uwanja wako kuna vitu viwili, na nadhani wote mmevichanganya, wewe, jirani na huyo inspekta. Kuna ukoka uliokuwa unakatwa kila wiki ukaachwa, na kuna bustani uliyoipanga na kuipanda. Kwa macho ya mtu anayepita na gari yote ni majani marefu tu. Kwa sheria ya Minnesota ni vitu viwili tofauti kabisa, kama mbuzi wa zizini na swala wa porini, wote wana pembe lakini mmoja una haki naye na mwingine ukikamatwa naye unaisaidia polisi.

Sasa swali lako la taa za barabarani. Huku Marekani serikali ya Washington haina habari na urefu wa majani yako. Mambo ya ardhi yako chini ya jimbo, na jimbo nalo linawaachia miji watunge sheria ndogo zao, kama vile halmashauri zetu nyumbani zinavyotunga za usafi na masoko. Tofauti ni kwamba huku miji ni midogo na imebanana. Eneo lote la Minneapolis na St. Paul na vitongoji vyake ni kaunti saba, na ndani yake kuna miji na vijiji kama 180 hivi, kila mmoja na baraza lake la madiwani, na wanakijiji wake wanaokuja kwenye kikao kulalamika. Kwa hiyo unaweza kuendesha gari nusu saa ukapita miji sita, na sheria ndogo sita za majani, moja iliyoandikwa miaka ya hamsini na hakuna aliyeifungua tangu hapo, nyingine iliyoandikwa upya juzi na watu wanaopenda nyuki.

Na hizi sheria za majani ni za zamani kweli. Mwaka 1903 mahakama kuu ya jimbo la Missouri ilishakubali kwamba mji wa St. Louis una haki ya kumbana mtu kwa magugu marefu kwenye kiwanja chake. Hoja zilikuwa panya, moto, chavua inayowapa watu mafua, na thamani ya nyumba za jirani. Ikaenda hivyo miaka mingi mpaka watu wakaanza kubisha. Mwaka 1976 huko New Berlin, kitongoji cha Milwaukee jimbo la Wisconsin, jamaa mmoja mtaalamu wa wanyamapori aliyekuwa na maua ya mbugani uwanjani kwake alipelekwa mahakamani na mji wake akashinda, wakaonekana hawana sababu ya msingi. Lakini kesi ya mahakama ndogo haibadilishi sheria za mji wa pili, ndo maana kila mji ukaendelea na yake. Ulikuta mji huu unataka kibali na ada, ule unataka majirani waweke saini kwanza, mwingine hautaki kabisa.

Kwa Minnesota hilo limebadilika na hapa ndipo wewe una nguvu kuliko unavyodhani. Tarehe 1 Julai 2023 ilianza kazi sheria ya jimbo, namba yake 412.925, iandike hiyo namba mahali. Inasema mji wowote, uwe mkubwa au mdogo, lazima umruhusu mwenye eneo kuweka na kutunza bustani ya asili inayosimamiwa. Mpangaji naye anaruhusiwa, mradi awe na idhini. Na wameeleza bustani hiyo ni nini: mimea iliyopandwa kwa mpango, kwa makusudi, na inayotunzwa. Inaweza kuwa nyasi, maua, vichaka, miti, bustani ya kunyonya maji ya mvua. Inaweza kuzidi inchi nane, yani kama sentimita 20, na inaweza kutoa mbegu. Mji hauwezi kukuambia ung'oe kwa sababu ya urefu peke yake.

Ila soma na upande wa pili. Sheria hiyo hiyo inasema ukoka ulioachwa tu bila kuangaliwa ili urudi kuwa pori hauhesabiki kuwa bustani ya asili. Na inasema nyasi au magugu yoyote nje ya bustani ya namna hiyo yakizidi inchi nane ni kosa. Umeona? Hiyo inchi nane mji wako haukuibuni kukukomoa. Kwa ule ukoka wako wa mwezi wa tano wako sahihi, kwa maua yako hawako sahihi, na karatasi moja imebeba yote.

Kingine watu wengi wanakosea, wanadhani sheria inalinda mimea ya asili ya hapa peke yake. Hapana. Imetaja za asili na zisizo za asili, zote. Haikuulizi ua lako lilizaliwa wapi, inakuuliza kama kuna mtu analiangalia. Kwa sisi tuliokuja na masanduku mawili hilo si jambo dogo hahaha.

Dada yako sasa. Mwezi wa tano bila kukata majani ulianzia Uingereza, huku Marekani mji wa kwanza kuukubali ulikuwa Appleton, Wisconsin, mwaka 2020, halafu miji mingine ikafuata, na baadhi ya vitongoji vya hapa vikawemo. Ni hiari ya mji. Mji wa dada yako umeamua mwezi huo inspekta wao hatoi karatasi, basi. Ni msamaha tu ule, si haki, na msamaha hauvuki mpaka. Binafsi sina mapenzi makubwa na hiyo kampeni. Utafiti uliofanyika hapo Appleton kuonyesha nyuki wameongezeka, waandishi wenyewe waliuondoa mwaka 2022 baada ya kugundulika matatizo, na kinachochanua kwenye ukoka usiokatwa kwa sehemu kubwa ni yale maua ya njano yaliyotoka Ulaya. Ukoka ukifika mpaka gotini alafu mwezi wa sita ukaukata kwa mara moja mashine inakoroma, majani yanalala kama mikeka, chini panaoza. Kama unataka nyuki, panda. Na wewe umeshapanda, kwa hiyo hicho kipande cha ukoka kilichobaki hakikusaidii kitu zaidi ya kukuletea barua.

Kwa nini basi maua ya dada yako hayaguswi na yako yameguswa? Nitakuambia nilichokiona kwa macho. Kuna mteja wangu mmoja, mji sitautaja, alipigiwa ripoti na jirani mwaka jana. Tukasimama uwanjani, inspekta akatoa futi kamba, akapima nyasi moja ya bluu bluu tuliyopanda, ikafika inchi 30, akaandika. Mimi nikamwonyesha ukingo: tulikuwa tumeacha ukanda wa ukoka mfupi upana wa mashine mbili za kukatia pembeni mwa njia ya miguu, alafu mstari wa mawe, alafu ndo maua yanaanza, mafupi mbele marefu nyuma, na kibao kidogo kinachosema hapa ni makazi ya nyuki na vipepeo. Akaangalia mawe, akaangalia kibao, akarudisha futi kamba mfukoni. Nyumba ya tatu kutoka hapo ilikuwa na mimea ile ile, bila ukingo, imemwagikia njiani, yule alipewa karatasi. Mimea ile ile dada! Haya maneno matatu ya sheria, mpango, makusudi na utunzaji, lazima yaonekane kwa mtu aliyesimama barabarani. Sheria haikulazimishi mawe wala kibao, ila inspekta haingii kichwani kwako kuona mpango wako, anaona ukingo.

Nawe umepanda vuli, kwa hiyo huu ndo msimu wake wa kwanza, na msimu wa kwanza mimea ya mbugani ina sura mbaya kusema ukweli. Inafanya kazi chini. Nyasi kubwa ya huku, Andropogon gerardii, mizizi yake inaweza kushuka futi 10 hivi, mita tatu, wakati ukoka wa kawaida mizizi yake inaishia inchi chache tu. Ndiyo maana hata kukiwa na kiangazi hizi zinabaki kijani, na maji ya mvua yanazama badala ya kukimbilia kwenye mtaro. Mbuga za asili za Minnesota zilikuwa ekari milioni 18 hivi, sasa imebaki zaidi kidogo ya asilimia moja, kwa hiyo bustani yako ni kipande cha kitu kilichokuwa kimejaa hapa. Lakini juu, mwaka wa kwanza, utaona majani mawili matatu ya kijani na magugu katikati. Jirani anaona kiwanja kilichotelekezwa. Wewe unaona bustani. Wote mko sahihi kwa mnachokiona.

Kwa hiyo ukanda wa mbele, kama hujapanda bado, weka zile fupi. Nyasi ndogo, Schizachyrium scoparium, kwa kawaida haivuki mita moja hivi na vuli inageuka rangi ya shaba. Ile Asclepias tuberosa ya maua ya machungwa inafika gotini, na yenyewe pamoja na ndugu zake, wengi wao wenye utomvu mweupe ukiwakata, ndio chakula pekee cha kiwavi wa yule kipepeo wa machungwa na mistari myeusi anayehamia Mexico. Nyuma karibu na nyumba ndo uweke marefu.

Sasa mambo ambayo hata baada ya sheria ya 2023 bado yanatofautiana mji kwa mji, na haya nenda kayasome kwenye sheria ndogo za mji wako maana dada yako hatakusaidia. La kwanza ni ile kanda ya majani kati ya njia ya miguu na barabara. Ile si yako sawasawa, mji una haki ya kupita hapo, kuna miji inaruhusu upande maua mpaka urefu fulani na kuna isiyotaka kitu zaidi ya ukoka, na theluji inayosukumwa na trekta kutoka barabarani itamwagwa hapo hapo na chumvi yake. La pili ni kona: kama nyumba yako iko njia panda, dereva lazima aone mtoto anayevuka, hapo wanakata urefu na wana haki, usibishane nao. La tatu ni makaratasi, miji mingine inataka uwaandikishie kwamba una bustani ya aina hii, na nakushauri ufanye hata kama si lazima, maana jirani akipiga simu wanaangalia orodha kwanza. Alafu bustani za mboga mbele ya nyumba, nazo kila mji na lake.

Kama nyumba yenu iko chini ya HOA, chama cha wenye nyumba mnacholipia kila mwezi, hiyo ni habari nyingine. Sheria ya 412.925 inabana miji, haigusi HOA. Ule ni mkataba uliosaini siku ya kununua. Maryland walitunga sheria mwaka 2021 inayozuia hivi vyama visikataze bustani za namna hii bila sababu, baada ya mtu na mkewe huko Columbia kupambana na chama chao miaka kadhaa, lakini hiyo ni ya Maryland, Minnesota huwezi kuitumia. Hapo ni kusoma mkataba, na kwenda kwenye kikao chao na picha.

Mchicha, sasa. Hapa nisikilize vizuri. Minnesota ina orodha ya magugu hatari, inatunzwa na wizara ya kilimo ya jimbo, na kwa sheria meya wa mji ndiye mkaguzi wa magugu wa mji wake, kwa kawaida anamkasimia mtu. Bustani yako hata iwe na mpango kiasi gani haitakiwi kuwa na gugu la kwenye orodha hiyo. Na mmoja wa walio juu kabisa, wanaotakiwa kung'olewa mpaka wa mwisho, ni mchicha pori wa Palmer, ukoo mmoja na mchicha wetu wa kula, Amaranthus wote. Wakiwa wadogo hata mimi huwa nainama niangalie mara mbili. Mchicha wako wa kula haumo kwenye hiyo orodha, lakini weka kwenye tuta lenye mstari, na kama una pakiti ya mbegu ihifadhi. Kikaota kimoja mahali ambapo hukupanda, chenye kikonyo kirefu kuliko jani lenyewe, usikile, kipige picha umtumie mkaguzi wa magugu wa kaunti.

Wengine wa kuwajua: ule mmea wa miiba unaoitwa Canada thistle, unaotambaa chini kwa mizizi, na wild parsnip ya maua ya njano kama mwavuli, hii usiishike kwa mikono, utomvu wake ukipigwa na jua ngozi inababuka kama umemwagiwa maji ya moto. Ikikutokea osha kwa sabuni, jifunike na jua, malengelenge yakiwa makubwa au yakikaribia jicho nenda hospitali usipake dawa za kubahatisha. Na kama mwenye nyumba wa zamani alikuacha na uzio wa mimea ya buckthorn, yenye yale matunda meusi, ujue nao umo kwenye orodha japo kwa daraja la chini, hulazimishwi na jimbo kuung'oa ila huruhusiwi kuuza wala kuhamisha. Uliletwa toka Ulaya miaka ya 1800 kama uzio wa kupendeza tu, sasa umejaa misituni.

Kuhusu ubaguzi, siwezi kukuambia hapana na siwezi kukuambia ndiyo nikiwa nimekaa huku. Miji mingi inspekta hazunguki kutafuta, anakuja akipigiwa, kwa hiyo sheria inamwangukia yule ambaye jirani yake hampendi au hamuelewi, na sisi mara nyingi ndio hatueleweki. Angalia mtaa wako. Kama kuna nyumba nyingine zenye ukoka wa gotini na hazijaguswa, piga picha zenye tarehe, weka na karatasi zako, ikijirudia mara ya pili ya tatu kuna Minnesota Department of Human Rights, idara ya haki za binadamu ya jimbo, wanaopokea malalamiko ya hivyo. Lakini safari hii una ukoka uliozidi inchi nane kweli, kwa hiyo usianze na hoja hiyo, utaipoteza ya maua ambayo ni nzuri. Na huyo mzee mpelekee hata chapati siku moja umuonyeshe yule nyuki mnene mwenye doa la rangi ya kutu, kama ukibahatika kumpata. Ndiye nyuki wa jimbo tangu 2019, na serikali kuu ilishamweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 2017. Wazee wa hapa wana fahari na vitu vya jimbo lao, nimeona mmoja aliyekuwa anapiga simu kila mwezi akaishia kuomba mbegu.

Kwa hiyo njia ulizonazo. Ukifyeka vyote, kesi inaisha leo, mimea mingi ya asili haitakufa maana mizizi ipo, lakini umepoteza msimu na umemfundisha inspekta kwamba karatasi inafanya kazi kwako. Ukikaa kimya kwa kuwa una sheria ya jimbo, siku ya nane anakuja kontrakta na mashine, hajui ua wala gugu, anapita. Bili usipoilipa inaongezwa kwenye kodi ya majengo unayolipa serikalini. Nimeona watu wenye haki wakipoteza bustani ya miaka minne hivyo hivyo, kwa kutojibu barua. Ya tatu ndiyo ninayokushauri: kata ukoka, weka ukingo wikiendi hii hata wa matofali ya mkono wa pili, tafuta risiti za maua, chora ramani ya bustani kwa kalamu kwenye karatasi moja na majina ya mimea, alafu muandikie inspekta barua pepe fupi, kwamba ukoka umekatwa tarehe fulani, eneo lililobaki ni bustani ya asili inayosimamiwa chini ya 412.925, ramani hii hapa, naomba uje tuone pamoja na unithibitishie kwa maandishi kwamba shauri limefungwa. Hayo ya maandishi usiyaache.

Akikataa baada ya hapo, uliza namna ya kukata rufaa mjini na siku za mwisho ni ngapi, na hapo ndipo utafute mwanasheria, hasa ukipewa tarehe ya kusikilizwa au faini. Kama kipato ni kidogo Mid-Minnesota Legal Aid, shirika la msaada wa sheria, ni mahali pa kuanzia. Kwa mimea yenyewe, kaunti nyingi zina wakulima wa bustani wa kujitolea waliofundishwa na Extension, yani kitengo cha ugani, ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ni bure, na barua kutoka kwa mmoja wao kwamba amekuja ameona bustani ina uzito kuliko maneno yangu ya mbali. Waulize pia kuhusu Lawns to Legumes, mpango wa jimbo unaorudishia watu sehemu ya gharama za kupanda, maombi yana msimu wake.

Na kabla hujachimba hilo tuta la ukingo piga 811, siku mbili tatu za kazi kabla, wanakuja kuweka alama za bomba za gesi na nyaya bila malipo. Kama wikiendi hii haitoshi weka matofali juu ya udongo tu, utachimba baadaye.